Shoo ya bendi za indie usiku wa Halloween, ukumbi mdogo: tusimame wapi, tuvae nini, masikio tuyalinde vipi?

gitaa_kavu

Habari wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mafundi sauti na wazoefu wa kumbi ndogo.

Tarehe 31 Oktoba tunakwenda watu 4 kwenye shoo ya bendi 3 za indie. Ukumbi unaingiza watu 200 hivi, dari yake ni ya chini, jukwaa linafika usawa wa goti, na hakuna viti. Tangazo linasema milango inafunguliwa saa 1 jioni, kutakuwa na shindano la mavazi, na bendi ya pili "itavaa sura ya bendi nyingine" kwa usiku huo.

Nisimame wapi ili nisikie maneno ya mwimbaji, si besi tupu? Vazi langu lina kinyago cha mpira kinachofunika kichwa chote, je, vizibo vya masikio vitafanya kazi chini yake? Hiyo "kuvaa sura" ina maana gani kwa mtu anayetaka nyimbo za bendi yenyewe? Mwenzetu mmoja ana kifafa kinachochochewa na taa za kuwaka na kuzimika haraka, tuulize nini kabla ya kwenda? Mwisho, bendi kuu hupanda saa ngapi hasa? Basi la mwisho linaondoka saa 5:30 usiku.

Nawasilisha.

fundi_wa_mikisa

Karibu mkuu. Nianze na mahali pa kusimama, maana hapo ndipo watu hupoteza nusu ya shoo bila kujua sababu.

Kwenye ukumbi wa watu 200, si kila unachosikia kinatoka kwenye spika kubwa. Drams zinakufikia zenyewe hata bila maiki. Amplifaya za gitaa nazo zinapiga moja kwa moja kutoka jukwaani. Sauti ya mwimbaji ndiyo pekee isiyo na njia nyingine: inaingia kwenye maiki, inapita kwenye mikisa (meza ya vitufe ambako fundi anachanganya sauti), inatokea kwenye spika za pembeni. Sasa ukisimama mstari wa mbele katikati, spika hizo zinapiga kushoto na kulia kwako na kukuruka, huku matoazi na gitaa viko mita 2 tu kutoka usoni pako. Ndiyo maana watu wa mbele wanasikia drams na gitaa, na mwimbaji wanamwona tu akifungua mdomo. Fundi hana dawa ya haraka hapo. Akizidi kumpandisha mwimbaji ili awafikie ninyi, maiki itaanza kupiga mluzi.

Kwa hiyo ukiingia, tafuta kwanza mikisa iko wapi. Simama hatua 2 au 3 mbele yake. Fundi anachanganya sauti kwa masikio yake akiwa pale, na anachokisikia yeye ndicho alichokikubali. Lakini kumbi nyingi ndogo huwa zimeisukumia mikisa kwenye kona ili kuokoa nafasi. Ikiwa hivyo, achana na kona. Rudi kwenye mstari wa katikati ya ukumbi, umbali wa theluthi mbili kutoka jukwaani kwenda ukuta wa nyuma.

Kwenye besi unahitaji uvumilivu kidogo. Sauti ya mzunguko wa 60 kwa sekunde ina urefu wa wimbi wa mita 5.7 hivi, kwa hiyo ndani ya chumba kidogo mawimbi yanagongana na kuta na kurudiana. Ukiegemea ukuta, besi inavimba na kumeza kila kitu, na kwenye kona inazidi. Ukisogea kama mita 1 na nusu kutoka ukuta wa nyuma, besi ya mzunguko huohuo inaweza kupotea kabisa, kwa sababu wimbi linalorudi linaliua linalokwenda. Vilevile, kama spika za besi zimewekwa mbili, moja kila upande wa jukwaa, katikati besi inajaa, lakini pembeni kuna vipande inapokuwa nyembamba. Dawa ni hiyohiyo: sogea mita 1 au 2, sikiliza mistari miwili mitatu ya wimbo, sogea tena. Fanya hivyo wakati wa bendi ya kwanza, kabla watu hawajajaa. Bendi kuu ikipanda utakuwa unajua sehemu yako.

Jambo moja dogo ambalo watu hawalitilii maanani: usisimame mkabala na spika ya amplifaya ya gitaa. Spika ile ya inchi 12 inarusha sauti kali kama tochi, mbele yake inachoma, lakini ukikaa pembeni kidogo inatulia. Hatua moja ya kando inatosha kubadilisha gitaa lote.

Usishangae pia bendi ya kwanza ikisikika kali na yenye mwangwi. Miili ya watu na nguo zao humeza sauti nyembamba, na usiku wa Halloween kuna manyoya, makoti marefu na mabawa kuliko usiku mwingine wowote. Ukumbi ukijaa sauti inatulia. Ukiona ni kali mno wakati ule, rudi nyuma kidogo.

sikio_zima

Fundi kasema yote ya maana, ila hapo mwisho naomba niongezee. Kurudi nyuma kunapunguza ukali wa gitaa na matoazi, lakini hakutoshi kulinda masikio. Uwanjani, umbali ukizidishwa mara mbili sauti inashuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ndani ya chumba chenye dari ya chini haishuki hivyo, kwa sababu kuta na dari zinakurudishia. Nyuma kabisa pale kaunta unaweza kudhani uko salama kumbe uko kwenye desibeli karibu zilezile.

Hesabu yake iko hivi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda unakatwa nusu. 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, 100 ni robo saa. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 lilitoa kiwango cha kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 ukipimwa kwa dakika 15. Bendi yenye drams za nguvu na amplifaya mbili kwenye chumba chenu hufika hapo bila kutaka. Bendi 3 ni zaidi ya saa 2 za kelele. Usingoje masikio yaume ndipo uchukue hatua.

Vizibo viko vya aina mbili kuu. Vya sponji ni rahisi na vinazuia sana, lakini vinakata sauti nyembamba kuliko nzito, hivyo muziki unasikika kama unatoka chumba cha pili. Vya muziki, vile vya silikoni vyenye kichujio kidogo ndani, hupunguza desibeli 15 hadi 20 kwa uwiano ulio sawa zaidi. Ukumbi ukiwa na desibeli 102 na kizibo kikapunguza 17, sikio linapokea 85. Muda wako umetoka dakika chache hadi saa 8, na maneno ya mwimbaji bado unayapata.

Kinga ya kizibo cha sponji inategemea namna ya kukiingiza. Nawa mikono. Kisokote kwa vidole hadi kiwe chembamba kama utambi, bila mikunjo. Kwa sikio la kulia, pitisha mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, uvute sikio juu na nje ili njia inyooke, kisha sukuma kizibo na ukishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kijae. Halafu jaribu: bendi ikiwa inapiga, funika masikio yote kwa viganja. Kama sauti imeshuka sana, kizibo hakijakaa, toa uanze upya. Kama haijabadilika, kimekaa. Kizibo kinachochungulia nje ya sikio hakifanyi kazi.

Sasa kinyago chako. Kile cha mpira si kinga ya masikio. Kinapunguza sauti nyembamba na kuacha besi ipite, na juu yake unasikia pumzi zako mwenyewe. Ukivaa vizibo chini yake, huwezi kuvirekebisha bila kuvua kichwa kizima, na ukikivua, mpira unavuta kizibo kinatoka na kudondoka gizani. Ukikazania kinyago hicho, tanguliza vizibo nje ya ukumbi kwenye utulivu, vijaribu, ndipo uvae kinyago, na beba jozi ya pili. Vile vyenye kamba achana navyo usiku huu, maana kamba inanaswa kwenye kola na nywele za bandia.

Mkitoka na mlio masikioni, hiyo ni dalili kwamba sauti ilizidi. Yapumzisheni masikio, simu na muziki vikae kando. Mlio ukiendelea baada ya siku moja au mbili, mwone daktari. Na sikio moja likizibika ghafla na kutosikia, nenda hospitali siku hiyohiyo, tiba ya tatizo hilo inategemea kuwahi.

mshona_vinyago

Kaka, kwenye vazi niruhusu niseme wazi: kinyago cha kichwa kizima hakifai ukumbi huo. Shida si masikio tu. Matundu ya macho yanakunyima kuona chini na pembeni, na ukumbi mdogo una nyaya, ngazi moja ya ghafla karibu na choo, na glasi sakafuni. Watu 200 kwenye dari ya chini wanapandisha joto haraka, na mpira haupitishi jasho. Bendi ya pili haitamaliza kabla hujakivua, halafu usiku mzima umebeba kichwa mkononi. Mlangoni pia watataka kukuona uso ili kuulinganisha na kitambulisho, kwa hiyo foleni nzima inakusubiri.

Kama umeshakinunua, kikate. Chukua mkasi mkali, acha paji, macho na pua, ondoa kidevu, mashavu ya chini na sehemu yote ya nyuma kuanzia mbele ya masikio. Toboa tundu moja kila upande, sentimita 1 kutoka ukingoni, ubandike kipande cha kitambaa kwa gundi ya mpira ndani ya tundu ili lisichanike, kisha pitisha ulastiki wa upana wa sentimita 1. Bandika utepe wa sponji nyembamba kwenye paji kunyonya jasho. Hapo masikio yako wazi, unakunywa bila mrija, na uso bado ni wa zimwi.

Vazi lingine lote lipime kwa maswali mawili. Je, upana wako unazidi mabega? Mabawa, mkia mgumu na sketi za waya vinakula nafasi ya watu 2 na vinavunjika kabla ya wimbo wa tatu. Je, kimo chako kimeongezeka? Pembe na kofia ndefu zinamziba mtu wa nyuma kwa saa nzima. Ukitaka kofia ndefu, kaa nyuma au ukutani. Silaha za bandia, hata za plastiki, mara nyingi zinazuiwa mlangoni, bora uulize kabla.

Joho liishie kwenye goti. La kufika sakafuni litakanyagwa na kukuvuta shingo. Badala ya kulifunga kwa fundo, lishike kwa kifungo cha kubana au velkro kinachoachia likivutwa. Viatu viwe vya kufunika vidole, soli isiyoteleza.

Damu bandia ya sharubati ya sukari iacheni. Haikauki, inahamia kwenye nguo za kila utakayemgusa, na ikidondoka inaifanya sakafu kuwa ya kunata na kuteleza. Tumia rangi ya kitambaa, ipake siku 2 kabla, ikauke kabisa.

kamba_ya_nne

Nijibu la "kuvaa sura". Ni desturi ya Halloween kwa bendi: badala ya kuvaa nguo tu, bendi inavaa muziki wa bendi nyingine. Kwa kifupi wanapiga kopi usiku huo, pengine albamu nzima tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Phish wa Marekani walifanya hivyo Halloween ya 1994 wakipiga albamu nzima ya Beatles, na kwenye kumbi ndogo desturi hii imeenea sana. Kwa bendi ya indie ni kazi nzito kuliko inavyoonekana, maana wanafanya mazoezi ya nyimbo 6 hadi 10 ambazo hawatazipiga tena mwaka mzima.

Kwako wewe maana yake ni kwamba bendi ya pili haitapiga nyimbo zake, au itaweka 1 au 2 mwishoni. Kama ndiyo uliyoifuata, tafuta tarehe yake nyingine. Kama hujui bendi wanayoiiga, sikiliza albamu zake mbili kuu wiki hiyo. Nusu ya raha ya kopi ni kutambua walichobadilisha: mpigaji wa gitaa moja akibeba sehemu za magitaa mawili, au kinanda kikichukua nafasi ya tarumbeta.

Ratiba. Milango saa 1:00 haina maana muziki saa 1:00. Hesabu hivi: bendi ya kwanza hupanda dakika 45 baada ya milango, yaani 1:45, inapiga nusu saa. Kubadilisha vyombo dakika 20. Ya pili 2:35 hadi 3:15. Hapo ndipo shindano la mavazi huingizwa, na ndilo linalokula muda, kwa sababu kila mtu anataka kupanda jukwaani. Weka dakika 15 za shindano na 25 za vyombo. Bendi kuu inapanda 3:55, inapiga dakika 60 hadi 75, inamaliza kati ya 4:55 na 5:10. Basi lako la 5:30 linawezekana, lakini foleni ya kuchukua makoti inaweza kukumalizia dakika 15. Koti msiliweke, njooni na jepesi mlifunge kiunoni. Na ukumbi wenyewe huwa na saa kamili za kupanda, siku ya shoo hubandika kwenye ukurasa wao au ukipiga simu watakwambia.

Ikiwa bendi zote zinatumia drams na amplifaya za pamoja, mabadiliko ni dakika 10 tu, kila mpigaji anabadilisha toazi zake, ngoma ndogo na pedeli. Utaijua ukiona seti moja ya drams haiondoki jukwaani.

Fulana na santuri nunueni kabla ya bendi kuu, mabadiliko ya pili ni wakati mzuri. Vipimo vya kati ndivyo vinaisha mwanzo. Santuri usikae nayo kwenye msongamano, itapinda kona. Lipia, omba waiwekee jina lako, uichukue ukitoka. Fedha taslimu bebeni kidogo, intaneti ya simu hulemewa watu wakijaa chumba kimoja. Kwa bendi za ukubwa huu, meza ile ndiyo inayolipa mafuta ya gari kwenda mji unaofuata, kwa hiyo fulana moja ina uzito kuliko tunavyodhani.

gitaa_kavu

Shukrani sana wakuu, nimejifunza mengi. Kinyago nimeamua kukikata. Dada mshona_vinyago, sehemu ya chini ya uso nataka kuipaka rangi iungane na kinyago. Ipi inavumilia jasho? Na bado nasubiri mwenye ujuzi wa taa kwa ajili ya mwenzetu.

mshona_vinyago

Rangi ya maji inatoka haraka na jasho, hasa juu ya mdomo na pembeni mwa pua. Ya mafuta inakaa zaidi, lakini ukiiacha tupu inahamia kwenye bega la jirani. Paka tabaka jembamba, gonga poda nyingi isiyo na rangi kwa kitambaa au sponji ya poda, subiri dakika 5, pangusa poda iliyobaki kwa brashi laini, ndipo uweke tabaka la pili. Tabaka nene moja hupasuka ukicheka. Siku moja kabla, jaribu kidogo ndani ya mkono usubiri saa 24 uone kama ngozi inawasha. Kuitoa, tumia mafuta ya kusafishia uso kwanza na maji ya sabuni baadaye. Ukianza na maji utasugua mpaka ngozi iwe nyekundu.

Na lenzi za macho za rangi, zile za paka au za zombi, msinunue bila kupimwa na mtaalamu wa macho. Lenzi isiyokutosha inakwaruza jicho na kuleta vidonda vyenye wadudu, na moshi wa jukwaani unazikausha zaidi.

taa_na_moshi

Nimeona swali la kifafa, ni zuri sana kuuliza mapema.

Taa za kumulika-mulika zenye hatari zaidi kwa kifafa cha aina hiyo ni za kati ya mimuliko 3 na 30 kwa sekunde. Mwongozo wa Uingereza kwa kumbi ni kutozidi mimuliko 4 kwa sekunde, lakini si kila fundi taa anaufuata, na Halloween ndiyo siku watu wanazitoa stoo. Piga simu ukumbini siku 3 au 4 kabla, si siku ya shoo, uulize mambo haya: je, taa za kumulika zitatumika? Ni bendi ipi? Kwenye nyimbo zipi? Je, zinaweza kuzimwa? Usikubali jibu la "kidogo tu". Omba kuongea na fundi taa. Kwenye ukumbi mdogo ni mtu mmoja mwenye kisanduku cha vitufe, na mara nyingi anakubali kuacha kabisa akijua kuna mtu. Siku hiyo jitambulisheni kwake tena kabla ya bendi ya kwanza, kwa sababu bendi inayosafiri inaweza kuja na taa zake za sakafuni ambazo ukumbi haukuzijua.

Ikitokea taa imeanza ghafla, mwenzenu asifumbe macho yote mawili. Mwanga unapenya kope, na kitendo chenyewe cha kufumba kinaweza kuzidisha. Afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na kugeuka upande usio na taa, kisha atoke. Simameni karibu na njia ya kutokea, pembeni. Kinyago chake, kama anacho, kiwe cha kuvulika kwa mkono mmoja. Ninyi watatu mjue la kufanya: akianguka, mpeni nafasi, wekeni kitu laini chini ya kichwa, angalieni saa, msimtie kitu mdomoni, msimbane. Degedege likiisha mlazeni ubavu. Likizidi dakika 5, iteni gari la wagonjwa mara moja.

Moshi wa jukwaani ni maji na glikoli vilivyochemshwa. Wenye pumu wakae mbali na mdomo wa mashine, ambao kwa kawaida uko pembeni ya drams au chini ya jukwaa. Kwenye dari ya chini unajaa upesi, na kigunduzi cha moshi kinachotumia mwanga hakitofautishi moshi huu na wa moto, ndiyo maana ving'ora hulia katikati ya shoo. King'ora kikilia, tokeni. Msingoje kuona kama bendi itaacha kupiga.

Hili nalisisitiza kwa sababu ya Halloween yenyewe: mapambo ya karatasi na buibui wa pamba darini, mavazi ya nailoni, watu wanaotaka kuwasha mshumaa ndani ya boga. Mwaka 2003 huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, fataki zilizowashwa jukwaani zilishika sponji ya ukutani kwenye klabu ndogo na watu 100 walikufa. Wengi walikimbilia mlango uleule walioingilia, wakabanana hapo, ingawa milango mingine ilikuwepo. Kwa hiyo mkiingia, kabla hata ya kutafuta mikisa, tafuteni milango mingine 2, muone haikufungwa wala kuzibwa na mapambo au makasha ya vyombo. Ukiona umezibwa, mwambie baunsa hapohapo. Mshumaa wa boga uwe wa betri.

Kwa picha: taa nyekundu na bluu hufanya uso wa mwimbaji kuwa doa moja lisilo na macho. Subiri mwanga mweupe au wa njano, gusa uso wake kwenye skrini, kisha shusha mwanga kwa kidole. Flashi haina kazi, inaangaza moshi tu na kumkera mpigaji. Ukiona mistari myeusi inapita kwenye video, ni taa za LED. Kama simu inaruhusu, jaribu kasi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kisha 1/60, kisha 1/100, chukua yenye mistari michache.

gitaa_kavu

Ubarikiwe sana, taa_na_moshi. Nitawapigia wiki hii. Swali la mwisho kwa fundi: mwimbaji naye akivaa kinyago, mnafanyaje?

fundi_wa_mikisa

Tunateseka, mkuu. Mdomo unakaa sentimita kadhaa kutoka kwenye maiki badala ya kuigusa, sauti inayofika ni ndogo, nikiongeza tu matoazi yanaingia kwenye maiki hiyohiyo na mluzi unaanza. Mpira ukifunika mdomo, herufi kama s, t na k zinapotea, na maneno hayaeleweki hata nifanye nini. Tunaloliomba bendi wakati wa kujaribu vyombo ni kukata mdomo wote wa kinyago, kimo cha vidole 4, na wajaribu vyombo wakiwa wamekivaa, si kwamba wanakivaa dakika ya mwisho. Glavu pia: mpiga gitaa avue ya mkono unaobonyeza nyuzi.

Kwenu ninyi watazamaji, ukiona mwimbaji amepanda na kichwa kizima cha mpira, usibadilishe mahali pa kusimama kwa sababu ya nyimbo 2 za kwanza. Karibu wote wanakivua kwenye wa tatu, na sauti inarudi.

Ukiona bado humsikii baada ya hapo, njoo kwenye mikisa kati ya nyimbo, si katikati ya wimbo, useme "mwimbaji hasikiki upande wa kushoto". Sentensi hiyo inanisaidia. Spika ya upande mmoja ikikatika waya, mimi niliye upande wa pili naweza nisijue.